Kula mboga za majani kwa wingi, lakini usizilie kwa ajili ya "alkali"

Masoko ya Marikiti na Kongowea yamejaa mchicha, mnavu, kisamvu na sukuma wiki, na bado wapo wanaozipita wakanunue maji ya alkali ya chupa ili damu "isiwe na asidi". Pesa hiyo inapotea bure. Damu ya mtu mwenye afya hukaa kati ya 7.35 na 7.45 kwenye pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, na walinzi wake ni mapafu na figo. Chakula hakiihamishi hapo. Kinachobadilika ni mkojo, kwa hiyo karatasi ya kupimia ikigeuka rangi haijakwambia lolote kuhusu damu.

Mboga zenyewe zinafaa kweli. Zina potasiamu inayosaidia kushusha presha, na nyuzinyuzi zinazolainisha choo na kuichelewesha sukari kuingia kwenye damu. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku.

Zinapoharibikia ni jikoni. Mchicha ukikatwa kabla ya kuoshwa, vitamini C inakwenda na maji. Osha majani yakiwa mazima, mara tatu, mpaka mchanga usionekane tena chini ya beseni, ndipo ukate. Kaanga kitunguu na nyanya kwa kijiko kimoja cha mafuta, tia majani na unyevu wake bila kuongeza maji, funika dakika nne hivi. Yakishanywea na rangi bado ni ya kijani, epua. Yakiwa yamefifia kama majani makavu, umepitiliza. Ukiutaka wa nazi, pikia tui jepesi, na kasimile, yaani tui zito, iwe vijiko viwili tu mwishoni. Kamulia ndimu sahanini, maana inausaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Chai isubiri saa moja, kwani inayazuia.

Magadi yaache kabisa. Hiyo ndiyo alkali ya kweli jikoni: inalainisha majani na kuyapa kijani cha kupendeza, huku ikiua vitamini C na B1. Hata kisamvu hakiyahitaji. Kinachohitaji ni kutwangwa sawasawa na kuchemshwa kwa muda mrefu sufuria ikiwa wazi, kwa sababu majani mabichi ya muhogo yana sianidi, nayo hutoka na mvuke.

Kuna wanaokoroga magadi ya keki kwenye maji wakanywa kila asubuhi. Kijiko kimoja cha chai kina takriban miligramu 1,260 za sodiamu, na mtu mzima anatakiwa asifikishe 2,000 kwa siku nzima. Mwenye presha anajiumiza kwa mkono wake.

Mgonjwa wa figo asianze kula mboga nyingi kabla ya kuongea na daktari wake, kwani potasiamu ikimzidi moyo unaweza kusimama. Naye anayemeza warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiongeze wala kupunguza mboga za kijani ghafla. Vitamini K iliyomo inavuruga kipimo cha dawa. Ale kiasi kilekile kila wiki, na akitaka kubadilisha, amwambie daktari kwanza ili damu ipimwe upya.