Kazi za Fundi na Mwili wa Mstaafu

Nilipostaafu, ushauri nilioupata mara nyingi kutoka kwa jamaa na marafiki ulikuwa ni kupumzika, na baada ya huo ulifuata ushauri wa kutembea kila asubuhi. Wa kwanza niliukataa, wa pili niliukubali na hadi leo natembea. Hata hivyo, nguvu za mikono, kiuno na mapaja hazikurudi kwa matembezi. Zilirudi kwa matengenezo madogo madogo ya nyumba ambayo enzi za ajira nilikuwa nikimwita fundi ayafanye: milango inayokwama, bawaba zinazolia, koki zinazovuja, kuta zinazobambuka rangi, vigae vilivyolegea. Nawaandikia wenzangu wa umri huu, pamoja na wale wanaoukaribia, hasa wasiovutiwa na ukumbi wa mazoezi lakini wanaoishi katika nyumba isiyokosa kitu cha kurekebisha.

Misuli huanza kupungua mtu akiwa na umri wa miaka 30 na kitu, kwa makadirio ya asilimia 3 hadi 8 kila miaka 10, na kasi hiyo huongezeka baada ya miaka 60. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri wenye umri wa miaka 65 na zaidi wafanye shughuli za nguvu ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, waitumikishe misuli kwa mazoezi ya nguvu angalau siku 2, na wafanye mazoezi ya kujenga nguvu pamoja na uwezo wa kusimama bila kuyumba angalau siku 3. Anayetembea tu anatimiza sehemu ya kwanza, na wengi wetu huishia hapo tukiamini kwamba tumemaliza. Mwongozo huo pia uliondoa sharti la zamani kwamba shughuli ihesabiwe tu ikidumu dakika 10 mfululizo, jambo linaloifaa sana kazi ya matengenezo, kwa kuwa kazi hiyo ni ya vipande vipande: unainama, unasimama, unafuata bisibisi uliyoisahau chumba cha pili, unarudi, unagundua kwamba uliyoileta si yenyewe.

Wataalamu hupima uzito wa shughuli kwa kulinganisha nishati inayotumika na ile ya mtu aliyeketi ametulia, na shughuli inayohitaji nishati hiyo mara 3 hadi karibu mara 6 huitwa ya wastani. Kupaka rangi kuta na useremala wa kawaida huangukia humo, ilhali kukaza skrubu moja ya mpini wa kabati hakufiki. Njia rahisi ya kujipima ni kusikiliza pumzi yako: ukiweza kuzungumza lakini usiweze kuimba, uko mahali panapostahili.

Kazi ninazozithamini kuliko zote ni zile za chini, na nadhani ndizo wazee wengi huzikwepa. Mtu anayehama kutoka kitandani hadi kitini na kutoka kitini hadi kwenye gari anaweza kumaliza wiki nzima bila kufika sakafuni hata mara moja, na uwezo wa kuinuka kutoka sakafuni hupotea kimyakimya hadi siku atakapoanguka na kuuhitaji. Bawaba ya chini ya mlango, bomba lililo chini ya sinki, kigae kinachocheza na rangi ya ukuta inayochubuka karibu na sakafu, vyote vinakulazimisha ushuke na uinuke tena na tena, nawe hushughulishwi na kuhesabu mazoezi bali na kuona kigae kimekaa sawa. Kwa makusudi huweka sanduku la zana juu ya meza badala ya kuliweka kando ya goti, ili kila ninapohitaji kitu nilazimike kusimama. Kijana angeuona mpangilio huo kuwa wa kipuuzi, na kwa upande wa kasi ya kazi ana haki.

Kushuka na kuinuka kuna utaratibu wake. Weka kitu laini na kinene chini ya goti, tanguliza goti moja, na ubadilishe goti kila baada ya muda mfupi kabla halijaanza kuuma. Unapoinuka, simamisha mguu mmoja mbele yako, weka mkono juu ya paja au juu ya kitu kisichosogea, jisukume taratibu, kisha ukifika juu utulie kidogo kabla ya kuchukua hatua. Kutulia huko ni muhimu kwa sababu shinikizo la damu linaweza kushuka ghafla ndani ya dakika chache za kwanza za kusimama, hasa kwa anayetumia dawa za shinikizo la damu au baadhi ya dawa za tezi dume, na kizunguzungu kinachomkuta mtu aliyesimama kati ya ukingo wa sinki na zana zilizotapakaa sakafuni ni hatari. Mwenye magoti yaliyochakaa aanze kwa kuketi juu ya kigoda kifupi, na aliyebadilishiwa goti kwa upasuaji amuulize kwanza daktari wake kama anaruhusiwa kulipigia.

Kuhusu zana, napendekeza za mkono kila inapowezekana. Msumeno wa mkono huushirikisha mgongo, bega na kiuno kwa pamoja, mradi ubao umebanwa vizuri na miguu imetengana, mmoja ukiwa mbele. Randa hudai mwili mzima usogee na mkono. Bisibisi na spana hujenga nguvu ya kushika, na nguvu hiyo ina maana kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwani madaktari wanaowahudumia wazee huipima kwa kifaa cha kubana mkononi na kuichukulia kuwa dalili ya hali ya misuli ya mwili mzima. Anayeumwa viungo vya vidole achague zana zenye mipini minene, au aizungushie mipini utepe wa mpira hadi inene. Ni vizuri pia kupokezana mikono: mkono wa kushoto utakuwa mzembe mwanzoni, na skrubu ya kwanza itaingia upande, lakini mkono huo nao una misuli inayohitaji kutunzwa.

Jambo moja nalisisitiza kwa kila anayekabiliana na skrubu iliyoshika kutu au nati isiyotaka kulegea: usizuie pumzi. Tukikaza nguvu huku tumebana pumzi, shinikizo la damu hupanda kwa ghafla, na moyo wa mtu mzima hauna sababu ya kubebeshwa mzigo huo kwa ajili ya nati. Toa pumzi wakati unasukuma. Ikigoma, ipake mafuta ya kulegeza kutu, uiache, urudi baadaye. Wala sisemi kwamba umeme ni mwiko. Kutoboa ukuta wa zege kwa nyundo na patasi kunaumiza kifundo cha mkono bila faida yoyote ya kiafya ninayoijua, kwa hiyo hapo hutumia mashine.

Kupaka rangi ni kazi ya wastani iliyo bora kwa sababu inaugusa mwili kuanzia vifundo vya miguu hadi mabega, ila wengi huifanya kwa mpangilio mbaya, wakianza na dari na kubaki juu hadi shingo iwe ngumu. Kazi ya mikono iliyo juu ya kichwa hupandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu kuliko kazi ya nguvu hiyohiyo inayofanywa usawa wa kiuno, na kano za bega zilizokwisha kuchoka kwa umri hulipa gharama yake. Kwa hiyo dari igawe katika sehemu ndogo, ukizitenganisha kwa kazi nyingine za chini. Rola ifungie mti mrefu na uishike kwa mikono yote miwili, ukipiga hatua mbele na nyuma badala ya kunyoosha mabega peke yake. Kabla ya kukwangua rangi kuukuu, jiulize nyumba ni ya lini. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, ambayo Marekani iliyapiga marufuku katika rangi za nyumba mwaka 1978, na nchi nyingine zilichelewa zaidi. Vumbi lake ni sumu kwako na zaidi kwa watoto. Rangi ya namna hiyo haipigwi msasa mkavu hata kidogo, na mimi ningemwachia mtaalamu.

Ngazi ndiyo inayonifanya niwe mkali. Kwa umri wetu kuanguka kutoka urefu mdogo tu kunaweza kuvunja nyonga, na nyonga iliyovunjika huweza kummalizia mtu uhuru wa kujitegemea. Ngazi ya kuegemeza ikae kwa kipimo cha moja kwa nne, yaani kwa kila mita 4 za urefu unapoegemea, kitako kiwe mita 1 kutoka ukutani. Viungo vitatu kati ya mikono na miguu viwe vimeshika wakati wote wa kupanda na kushuka. Na pawepo mtu mwingine karibu. Sipandi nikiwa nimemeza dawa inayoleta usingizi, na paa nimeliacha kabisa kwa mafundi. Nyaya za umeme nazo nimewaachia, kwa sababu hazina zoezi lolote la kumlipa mtu kwa hatari yake.

Kosa linalowaponza wastaafu wenye ari ni kukusanya kazi za mwezi mzima na kuzimaliza Jumamosi moja. Maumivu ya misuli iliyotumika kupita kiasi hufikia kilele siku moja hadi tatu baadaye, na mtu anayeshindwa kuvaa shati Jumatatu hatashika tena msumeno kwa muda mrefu. Ninaandika kazi zote katika daftari, nazivunja vipande vya saa moja au pungufu, na nazisambaza ili siku ya mabega ifuatwe na siku ya magoti. Huanza kwa kufagia mahali pa kazi, jambo linalousafisha mwili usingizi na kuondoa vitu vya kujikwaa kwa wakati mmoja. Chanjo ya nyongeza ya pepopunda, ambayo katika nchi nyingi hushauriwa kila baada ya miaka 10, isisahaulike. Anayetumia dawa za kuzuia damu isigande avae glavu ngumu, maana mkwaruzo wake hauishi upesi. Maumivu ya kifua, jasho la baridi, pumzi inayokatika au uzito unaopanda mkononi au tayani ni amri ya kuacha kazi papo hapo na kutafuta msaada wa hospitali, hata kama rola bado imejaa rangi.

Fundi anapokuja kwa zile kazi nilizomwachia, sikai sebuleni kusubiri. Namwomba anipe sehemu yangu, nayo huwa ni kuchanganya saruji kidogo kidogo, kubeba ndoo zilizojaa nusu, moja kila mkono ili mgongo usipinde, au kushikilia ubao akiupima. Mafundi wengi hukubali, wengine kwa kunihurumia, na sijali sababu yao maadamu ndoo nimeibeba mimi.