Babu alikuwa Keya? Anza na nishani zake

Babu yangu alirudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia na neno moja tu alilopenda kulitaja: Bama, yaani Burma, Myanmar ya leo. Mengine tuliyajua kwa kuokoteza, na kila shangazi alikuwa na toleo lake. Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayetafuta habari za askari wa King's African Rifles, au Keya, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, ni huu: ziweke pembeni kwanza hadithi za ukoo, usome chuma chenyewe, yaani nishani.

Usizisugue nishani kwa dawa ya kung'arishia. Zile nyota za shaba zenye pembe sita zinafanana mno, lakini jina la kila moja limeandikwa katikati. Soma hapo, usitegemee utepe, maana wajukuu huchezea na tepe hubadilishana. Africa Star kwa askari wa Keya mara nyingi humaanisha Somalia na Ethiopia, 1940 hadi 1941. Burma Star ndiyo Bama. Aliyepigana Madagascar mwaka 1942 usimtafutie nyota ya kisiwa hicho, haikuwapo.

Hapa ndipo binamu zangu waliponuna. Nyota hizo ni za kushiriki, si za ushujaa, na kwa kawaida hazina jina la mtu. Ila kushiriki huko nako tusikudharau. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye nembo ya kichwa cha kifaru, ilishuka bonde la Kabaw, huko Bama, wakati wa masika ya 1944, kwenye tope na malaria, ikawasukuma Wajapani hadi Kalewa na mto Chindwin mwezi Desemba. Batalioni ya 36 ya Tanganyika ilikuwamo, pamoja na wenzao wa Kenya, Uganda na Nyasaland (Malawi ya leo).

Nishani ya ushujaa ni habari nyingine. Military Medal ni ya fedha, ya mviringo, na ukingoni imechongwa namba, cheo, jina na kikosi. Chukua kioo cha kukuzia, uandike kila herufi. Ukiipata hiyo, una njia: tuzo hizo zilitangazwa katika London Gazette, gazeti rasmi la serikali ya Uingereza, na mapendekezo ya maofisa yamo kwenye hifadhi ya taifa ya Uingereza, kundi la WO 373. Humo unaweza kukuta siku, mahali na alichofanya. Tafuta kwa namba pia, kwa sababu majina yetu yaliandikwa jinsi ofisa alivyoyasikia. Kama babu hakurudi, orodha ya Commonwealth War Graves Commission, tume inayotunza makaburi ya vita, iko wazi kwa yeyote; wengi wasio na kaburi wametajwa kwenye mnara wa Rangoon, ndani ya makaburi ya Taukkyan.

Nilibahatika kumkuta mzee wa kikosi cha babu angali hai. Kwa wazee hawa, baada ya shikamoo, usikimbilie kuuliza waliua wangapi. Huyu nilimuuliza walibeba nini mgongoni. Akaanza na sahani ya mota, lile bamba la chuma la kukalia mzinga, akaja kwenye ruba, kisha mvua, kisha sajenti waliyemwogopa kuliko adui, na jioni ikatukuta yumo katikati ya Kabaw. Rekodi sauti, kwa ruhusa yake, na uulize majina ya vijiji mara mbili; ndiyo utakayoyalinganisha na ramani baadaye.