Mkikabidhiwa jalada la talaka, anzeni na cheti cha baraza

Wadogo zangu mnaoanza kushika mashauri ya ndoa, wiki hii nimeona tena shauri la talaka likiondolewa mahakamani kwa pingamizi la awali, yaani hoja ya kisheria inayoamuliwa kabla ya ushahidi kusikilizwa. Wakili wa mleta maombi ni kijana hodari. Hati yake ya madai imeandikwa vizuri, ukatili ameueleza tukio kwa tukio, na mashahidi walikuwa kwenye benchi nje wakisubiri kuitwa. Hakimu akafungua kiambatisho cha kwanza, akauliza: "Wakili, baraza lilitoa cheti hiki lini?" Kijana akasoma tarehe, akanyamaza. Miezi sita ya uhai wa cheti ilikuwa imeshapita. Mama wa watu akarudi kuanza upya, na yule anayempiga bado yuko naye chini ya paa moja.

Nawapenda, na najua mnavyohangaika miaka hii ya mwanzo. Lakini makosa haya ni yale yale tuliyoyakuta, na anayeyalipia ni mteja. Nitayataja kwa namba ili mnukuu.

1. Cheti kabla ya kitu kingine chochote.

Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 mnakijua: hakuna kufungua shauri la talaka kabla mgogoro haujapelekwa barazani na baraza likathibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Kifungu cha 106(2) mmekifanyia mtihani: hati ya madai ya talaka iambatane na cheti cha Baraza la Usuluhishi wa Ndoa kilichotolewa si zaidi ya miezi sita kabla ya kufungua shauri. Shida ni kwamba mteja akifika na bahasha yake, mkiona mhuri mnaridhika. Barua ya mwenyekiti inayosema "tunawaleta kwenu wanandoa hawa kwa hatua zaidi" si cheti, hata ikiwa na mihuri mitatu. Kuna fomu yake, Fomu Na. 3, na lazima ioneshe kwamba baraza liliusikiliza mgogoro, likaona nini, na likashindwa kuwapatanisha.

Niwaeleze jalada moja lililofika mezani kwangu likiwa limeshapita ngazi zote. Mama alifungua shauri mahakama ya wilaya kupitia wakili mwingine. Baraza la kata lilikuwa limempa barua ya mistari minne: wanandoa walifika, mume akakataa kusaini, "hivyo mhusika aendelee mbele". Wakili wake akaiambatisha. Wakili wa mume hakuipinga, kwa sababu naye hakuisoma. Talaka ikatolewa, mali zikagawanywa. Mume akakata rufaa Mahakama Kuu kuhusu nyumba, na hoja zikawa za nyumba tu. Akashindwa, akapanda Mahakama ya Rufani, bado kwa ajili ya nyumba. Huko majaji wakaanza wao wenyewe kuuliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza tangu siku ya kwanza: cheti cha baraza kiko wapi?

Mawakili wote wawili wakapekua kumbukumbu za rufaa, na hakikuwepo. Mwenendo wote ukafutwa kuanzia mahakama ya wilaya. Talaka, mgawanyo wa mali, amri ya matunzo ya watoto, vyote vikaondoka kwa mkupuo mmoja, kwa sababu shauri lilifunguliwa kabla ya wakati wake.

Huyu mama alikuja ofisini na tuzo yake ya talaka, yaani hati ya mahakama inayotamka talaka, ikiwa imelaminishwa. Aliilaminisha ili isichakae, kwa kuwa ndiyo karatasi iliyomtoa kwenye mateso. Na kwa kuiamini, alikuwa ameshafunga ndoa nyingine. Mume wake huyo alikuwa kiti cha pembeni, kofia mikononi. Mama akaniuliza: "Kwa hiyo sasa hivi mimi ni mke wa nani?"

Jibu la kisheria nilikuwa nalo, na kulitamka kulikuwa kugumu kuliko hoja yoyote niliyowahi kuisimamia mbele ya jaji. Ndoa ya kwanza ilikuwa hai. Ndoa ya pili haikuwa na pa kusimama. Mume wa kwanza aliijua hukumu hiyo kabla yetu, na alishaanza kumpigia simu akimwita mke wangu.

Tulirudi kwenye kata. Safari hii nilimwomba katibu wa baraza aandike kila wito na tarehe yake, na kila siku mume aliyokosa kufika. Kumbukeni kwamba kifungu cha 101 chenyewe kina misamaha yake: aliyetelekezwa asiyejua mwenzake aliko, mjibu maombi anayeishi nje ya nchi na hatarajiwi kurudi ndani ya miezi sita, aliyeitwa na baraza akakaidi kwa makusudi, na mingine mnayoweza kuisoma. Ukiutumia msamaha, ueleze ndani ya hati ya madai pamoja na ushahidi wake. Usiuvute siku umebanwa na pingamizi. Mama alipata talaka yake kwa mara ya pili, lakini miaka iliyokwenda kati ya talaka ile na hii hakuna mahakama iliyomrudishia.

Kwa hiyo, kabla hujaandika mstari wa kwanza wa madai, soma cheti kama vile wewe ndiye wakili wa upande wa pili. Nani kakitoa, majina yanafanana na ya cheti cha ndoa, tarehe bado ina uhai, maneno yanasema wameshindwa kusuluhisha. Kikiwa na kasoro, mrudishe mteja barazani siku hiyo hiyo. Atakununia wiki moja.

2. Msimtaje Bi Hawa kama hamjafika ukurasa wake wa mwisho.

Kila wakili mpya anayedai mgawanyo wa mali chini ya kifungu cha 114 hufungua na Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, hukumu ya Mahakama ya Rufani ya 1983. Ni sawa. Ndiyo iliyokata mzizi wa ubishi na kusema kazi za nyumbani na malezi ni mchango katika kupatikana kwa mali za ndoa. Lakini Bi Hawa mwenyewe aliondoka bila kuongezewa kitu, kwa sababu mahakama ilikuta kwamba alipewa fedha za mradi wa familia akazitapanya. Ukiitaja kesi hiyo kwa mbwembwe mbele ya wakili aliyeisoma, atakuuliza mteja wako alifanya nini na mtaji wa duka.

Mchango unathibitishwa. Mahakama ya Rufani imelirudia hili mara nyingi: ni suala la ushahidi. Nilikuwa na mteja aliyekuwa akiuza maandazi, mumewe akaapa kwamba nyumba ilijengwa kwa mshahara wake peke yake. Hakuwa na risiti hata moja. Nikamwomba anitolee kila karatasi aliyonayo ndani, akaniletea daftari la kikoba lenye madoa ya mafuta karibu kila ukurasa. Tukakaa nalo jioni nzima. Kila alipochukua mkopo, mhasibu wao alikuwa ameandika pembeni sababu: saruji, nondo, mabati, fundi wa madirisha. Tulimwita huyo mhasibu akatoa ushahidi na kulitambua daftari lake, na kwenye dodoso, yaani maswali ya upande wetu kwake, mume akashindwa kueleza mabati yalitoka wapi. Vitu vya namna hii mteja hawezi kukuletea mwenyewe, hajui kama ni ushahidi. Ni kazi yako kuvichimba.

3. Mtoto si shahidi wako.

Sheria ya Ndoa inadhania, na dhana hiyo inaweza kupingwa, kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni vema akae na mama. Aliyefikia umri wa kutoa maoni yake mahakama hutaka kumsikia. Basi hapo ndipo wazazi, na wakati mwingine mawakili, wanapoharibu. Nimemsikia mtoto wa darasa la tatu akimwambia hakimu, "Baba hatimizi wajibu wake wa matunzo." Hakimu aliweka kalamu chini, akamuuliza taratibu nani kamfundisha. Mtoto akamtazama mama yake. Tangu dakika ile, ushahidi wote wa upande ule ulisomwa kwa shaka, na taarifa ya afisa ustawi wa jamii, ambayo ilikuwa nzuri kabisa kwa mama, ikapoteza nguvu. Kataeni hili mapema na kwa sauti. Mwambie mteja kwamba mtoto aliyekaririshwa utamkuta bado anaumia kesi ikishaisha.

4. Haya ni ya haraka.

Rufaa kutoka mahakama ya wilaya ni siku 45, na inafunguliwa kwenye mahakama hiyo hiyo iliyotoa uamuzi. Picha za mazungumzo ya WhatsApp hazipokelewi zikiwa zimechapwa tu, someni Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 kuhusu kuthibitisha uhalisia wake. Nyumba ya ndoa ikiwa kwenye hatari ya kuuzwa, wekeni zuio kwa Msajili wa Hati kabla ya kuanza kubishana nani alinunua kiwanja. Andikeni madai kwa Kiswahili na mumsomee mteja neno kwa neno kabla hajathibitisha. Na mkipata nafasi, nendeni Kituo Jumuishi cha mahakama cha Temeke, Dar es Salaam, ambacho tangu 2021 kinashughulikia mirathi, ndoa na watoto, mkae nyuma asubuhi nzima msikilize mashauri ya wenzenu.

5. Hasira ya mteja iacheni kwa mteja.

Atakuja anataka uandike kila tusi alilotukanwa na kila jina la mwanamke aliyeonekana naye. Msikilize mpaka amalize, maana huenda ni mara ya kwanza mtu anamsikiliza bila kumkatiza. Kisha uchague yanayogusa kifungu cha 107, yaani yanayoonesha ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, na uyaache mengine kwenye daftari lako. Yule unayemwita mjibu maombi atabaki baba wa watoto wale. Watakutana kwenye mahafali na misibani, na kila ulichoandika kitakuwa kimekaa kwenye jalada ambalo watoto wakikua wanaweza kulisoma.

Na hukumu ikitoka msikimbilie jalada jingine. Ombeni nakala iliyothibitishwa ya hukumu na tuzo, hakikisheni majina na namba ya kiwanja havina makosa ya uchapaji, mpelekeni mteja RITA, wakala wa serikali wa usajili, talaka isajiliwe. Mali zikikataliwa kutolewa, fungueni maombi ya kukaza hukumu, yaani kuitekeleza, mara moja, kabla mwenzake hajapata mnunuzi.