Furaha kazini inaongeza mauzo, na imepimwa

Ndugu, umeuliza kama furaha ya mfanyakazi kweli inaongeza kazi au ni maneno tu ya maofisa rasilimali watu. Inaongeza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliwafuatilia wauzaji wa vituo vya simu vya BT, kampuni ya simu ya Uingereza, kwa miezi sita, wakiwauliza kila wiki wanajisikiaje. Matokeo yalitangazwa 2019: wakiwa na furaha, mauzo yalipanda kwa takriban asilimia 13. Na hawakuongeza saa za kazi! Walihudumia simu nyingi zaidi kwa saa, na nyingi zaidi kati ya hizo ziliishia kwenye mauzo.

Mimi hilo halinishangazi. Mteja wa simu hakuoni, ana sauti yako tu; ukiwa umechoka au umenuna, anakusikia kabla hujamaliza salamu. Kwa hiyo bosi anayebadilisha zamu usiku wa kuamkia kazini, halafu analalamika kuwa mauzo yameshuka, aache kwanza kutafuta semina ya motisha. Atoe ratiba mapema, watu wajue siku yao ya mapumziko.