Kosa la Kwanza: Je, Lazima Jela?

Mwanangu ana miaka 19. Kaiba simu ya mpangaji mwenzetu, kakiri polisi. Hajawahi kushtakiwa. Lazima afungwe? (Mama, Temeke)

Si lazima, mama. Kifungu cha 38 cha Kanuni ya Adhabu kinamruhusu hakimu kumwachia kwa sharti la kutotenda kosa lolote kwa muda usiozidi miezi 12. Ipo pia Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002: hakimu akiona kosa linastahili kifungo kisichozidi miaka 3, anaweza kumpa kazi ya umma isiyo na malipo, mradi kijana mwenyewe akubali. Kabla ya hapo afisa probesheni, yaani anayeiandikia mahakama taarifa za mshtakiwa, huja kuuliza habari zake nyumbani na mtaani. Msimfiche kitu, hata kama mwanao anavuta bangi. Na hakikisheni simu ile, au thamani yake, imerudi kwa mwenyewe kabla ya siku ya hukumu.

Nimeibiwa sukari na mafuta dukani mara kadhaa. Wezi mnawahurumia, sisi anatuhurumia nani? (Mwenye duka, Morogoro)

Uchungu wako ni wa haki, kaka. Mara nyingi hukumu ikishasomwa, aliyeibiwa anasahaulika kabisa. Lakini hebu kifuate kifungo cha miezi 6 kinavyokwenda. Mafuta yako hayarudi. Kodi yako ndiyo inayomlisha aliyekuibia. Kule ndani analala na waliobobea, na ili aishi kwa amani inabidi awafuate. Miezi hiyo inatosha kumpotezea kibarua na chumba alichopanga, haitoshi kumfundisha useremala. Anarudi mtaani kwako hana kitu, na duka lako analijua.

Mimi nataka alipe. Mahakama ina mamlaka ya kuamuru fidia, kwa hiyo mwambie mwendesha mashtaka mapema kwamba unaidai, umpe na orodha ya vitu na bei zake. Kijana anayefagia soko mbele ya watu wanaomjua, huku akikulipa kidogo kidogo, ameadhibiwa kweli, nawe unapata chako.

Wawili walikamatwa kwa kosa moja, wote wakahukumiwa faini au jela. Mmoja kalipa kaenda nyumbani, mdogo wangu yuko ndani. Ni haki? (Msomaji, Tabora)

Kisheria, hukumu yao ni moja. Kwa macho yangu si haki, maana kilichowatenganisha ni mfuko tu. Saa za kufanya usafi hospitalini zingewabana sawasawa. Kwa sasa changishaneni ndugu: faini ikilipwa, anatoka.

Na mtoto wa miaka 15? (Mwalimu, Mbeya)

Huyo hafungwi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumhukumu kifungo aliye chini ya miaka 18. Mahakama inaweza kumpeleka shule ya maadilisho, yaani ya kurekebisha watoto waliokosa, kama ile ya Irambo hapo kwenu. Ila cheti cha kuzaliwa kifike kituoni mapema, kabla umri haujaandikwa kwa kukisia.

Akipewa nafasi akarudia tena? (Msomaji, Tanga)

Akitenda kosa ndani ya muda wa sharti, anaweza kuadhibiwa hata kwa lile la awali, na hapo mimi simtetei. Tena yapo makosa ambayo mlango huu haupo hata mara ya kwanza. Unyang'anyi wa kutumia silaha una kifungo kisichopungua miaka 30, na hakimu hana pa kupunguzia.