Usiwaruke wasiozaa: bibi asiye na mtoto ndiye aliyenifungulia ukoo

Mkuu, umeuliza kama kwenye mti wa ukoo uwaache shangazi na wajomba waliokufa bila watoto, kwa kuwa hawana wa kuandikwa chini yao. Nakuomba usiwaache. Mimi niliwaacha, nikapoteza karibu miaka miwili.

Sisi ni watu wa Pangani. Dada yake babu nilimwandika jina tu, maana kila mzee niliyemuuliza alinijibu, "Yule hakuacha mtoto," akapita kwa mwingine. Nilipofika kwa mama yao nikakwama. Kwao wapi, aliwahi kuolewa kabla? Hakuna aliyejua.

Siku moja shangazi akanitolea bahasha ya mirathi ya yule bibi. Ndani mlikuwa na nakala ya muhtasari wa kikao cha ukoo uliopelekwa Mahakama ya Mwanzo: kurasa mbili za daftari, wino wa buluu, na chini dole gumba la babu, limeparaza kidogo upande mmoja. Warithi 6. Watatu kati yao sikuwahi kuwasikia: ndugu zake wa mama mmoja, baba mwingine, wakazi wa Vanga, ng'ambo ya mpaka, Kenya. Kumbe mama yao aliolewa huko kwanza, akazaa, ndipo akaja Pangani.

Mirathi ya babu mwenyewe, aliyeacha watoto 9, haina hata jina moja kati ya hayo. Kwa sheria ya Kiislamu, marehemu akiacha mtoto, ndugu wa mama mmoja hawarithi, basi hawaandikwi. Aliyekufa hana mtoto wala mzazi ndiye kalala, kama ilivyo katika Suratun-Nisaa, aya ya 12 na ya 176, na hapo ndugu hutafutwa wote. Wale watatu wa Vanga walipata thuluthi, wakagawana sawasawa, mwanamume kwa mwanamke. Kwa sheria hiyo, karatasi ya asiyezaa ndiyo inayotaja ukoo kwa upana.

Jambo jingine: wazee usiwaulize tu "alizaa nani?" Uliza "alilea nani?" Nilipobadilisha swali, bibi mmoja jirani aliongea mpaka magharibi. Baba yangu alilelewa na yule dada wa babu tangu kuachishwa ziwa, na kwenye rejesta ya shule yeye ndiye aliyeandikwa mzazi. Alilea wengine watatu pia. Mimi nilikuwa nimempa nusu mstari! Nikamwandika upya, na nakusihi usiandike "mgumba" mbele ya jina la mtu. Andika aliowalea na kazi aliyoifanya.

Nairobi, Kenyatta Avenue, kuna sanamu za askari na mpagazi wa vita vya 1914–1918. Maandishi yake yanasema ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Nilisimama pale nikamwaza kaka wa baba yake babu, aliyechukuliwa upagazi angali kijana, hajaoa, asirudi. Huyo hana mwana wa kumkumbuka. Ana sisi tu, na sasa kwenye mti wangu yumo, pamoja na maneno machache niliyoyapata juu yake.

Kwa hiyo mkuu, chukua majina ya wasiozaa uliyoyaruka, uliza nani alisimamia mirathi ya kila mmoja. Bahasha mara nyingi anayo huyo msimamizi, na kama naye amefariki, wanawe. Nenda mapema, karatasi za daftari huliwa na mchwa.