Mmea wenye miisho miwili

Mmeuliza wiki hii ni filamu gani msomaji haichoki nyumbani, na kwa nini. Yangu ni Little Shop of Horrors ya mwaka 1986, iliyoongozwa na Frank Oz. Seymour, kijana fukara wa duka la maua, analea mmea unaoimba na kunywa damu ya watu, huku akimpenda mwenzake wa kazini, Audrey.

Tazameni midomo ya ule mmea. Hakuna kompyuta pale. Ni mwanasesere mkubwa anayeendeshwa na kundi la watu. Alikuwa mzito mno kwenda sambamba na sauti ya Levi Stubbs, mwimbaji wa kundi la Four Tops aliyeimba kwa niaba ya mmea, basi wakapiga picha kwa fremu (picha moja moja za filamu) 16, pengine 12, kwa sekunde badala ya 24. Rick Moranis, aliyeigiza Seymour, akiwa naye kwenye picha moja, ilimlazimu kuigiza na kuimba polepole ili filamu ikionyeshwa kwa kasi ya kawaida wote wawili waende sawa. Kwenye ukumbi wa sinema jambo hilo linakupita. Nyumbani narudisha nyuma, namtazama Moranis peke yake, na sijaona alipoteleza.

Halafu kuna mwisho wake. Katika mchezo wa jukwaani wa Howard Ashman na Alan Menken, wa mwaka 1982, mmea unashinda: Audrey na Seymour wote wanaliwa. Oz alipiga hivyo hivyo, kwa gharama kubwa, mimea ikibomoa New York. Watazamaji wa majaribio, walioonyeshwa filamu kabla haijatoka, wakakataa katakata. Jukwaani waliokufa hurudi kupigiwa makofi. Kwenye filamu wamekwenda moja kwa moja. Ukapigwa mwisho mwingine, wa harusi.

Ule wa kwanza ulijitokeza kwenye DVD mwaka 1998, picha zikiwa hafifu, nyeusi na nyeupe, na DVD hiyo ikaondolewa madukani upesi. Waliowahi kuinunua waliitunza kama mboni ya jicho. Mwaka 2012 ukatoka kwenye Blu-ray, umesafishwa, una rangi zote. Bila mashabiki wa majumbani, sidhani kama kuna ambaye angejisumbua.

Na ulistahili. Mapema kwenye filamu Audrey anaimba ndoto yake ya nyumba ndogo yenye bustani, mbali na mtaa wao. Katika mwisho wa kwanza, akikata roho, anamwomba Seymour ampe mmea mwili wake, kisha anaurudia wimbo ule ule, maana huko tumboni nako ni kijani. Ellen Greene, aliyekuwa Audrey tangu jukwaani, anauimba kama mtu aliyepata alichokitaka. Ndipo niliposadiki kwamba mwisho wa harusi, ingawa naupenda, ulitunyima wimbo bora kuliko zote humo.

Anayenunua leo ahakikishe toleo lake lina miisho yote miwili, na aanze na ule wa harusi.